Mtu Akisahau, Nani Ataumia?

Kila mwaka kurasa hizi hujaa hoja za bwenini na za uwanjani: sare, chakula, nani alifunga bao na nani alinyimwa penalti. Hoja hizo ni nzuri nami huzisoma hadi mwisho. Leo lakini naomba ruhusa nitoe dukuduku langu kuhusu jambo dogo lisiloonekana kwa macho, ila huamua mengi kwa niaba yetu hata kabla hatujagusa kitu. Kwa Kiswahili cha kompyuta jambo hilo huitwa chaguo-msingi.

Chaguo-msingi ni nini? Ni lile ambalo mashine hulifanya yenyewe ikiwa hakuna mtu aliyeiambia vingine. Simu mpya ukiiwasha inalia mlio fulani. Je, ni wewe uliyeuchagua? La hasha! Kuna mtu mahali fulani, humjui wala hakujui, aliyekaa akasema: "Wasipochagua, wapewe huu." Na kwa kuwa wengi wetu hatubadilishi kitu maadamu kinafanya kazi, uamuzi wa mtu yule ndio unaotutawala.

Hoja yangu ni moja tu, na nitaitetea mpaka mwisho wa ukurasa: chaguo-msingi lichaguliwe kwa ajili ya yule atakayesahau, si kwa ajili ya fundi aliyeliandika. Kabla ya kuweka swichi yoyote, fundi na ajiulize: mtu akisahau kuigusa hii, nani ataumia?

Hebu tuanze nyumbani. Sisi tunaoishi Kocholia, tukiteremka hadi Malaba, au ndugu zetu walioko Busia mjini, tunaijua hadithi ya simu za mpakani. Simu haijui mto wala haijui forodha. Yenyewe inajua mnara wenye nguvu. Umeketi upande wa Kenya, chai yako hata haijapoa, mara ujumbe unaingia kukukaribisha Uganda! Ni kweli kwamba tangu mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilipatana kupunguza bei ya kupiga simu kutoka nchi moja hadi nyingine, lakini mapatano yale yalianza na simu za sauti. Data ni habari nyingine. Basi watengenezaji wa simu walifanya nini? Simu nyingi hutoka kiwandani swichi ya data ya roming ikiwa imezimwa. Simu ikirukia mnara wa ng'ambo, data inasimama. Utanung'unika dakika mbili kwamba video imekwama, lakini salio lako liko pale pale. Fikiria kama ingekuwa kinyume! Ungefika nyumbani ukakuta salio la wiki nzima limeliwa na wewe hukuvuka hata daraja. Huyo aliyeizima swichi ile alikuwa akimfikiria mtu atakayesahau. Hasira ya dakika mbili si kitu mbele ya hasara ya wiki.

Sasa twende kwenye kompyuta zenyewe, kwa maana huko ndiko kulikozuka mjadala ulionifanya nishike kalamu. Wasiosoma somo hilo wasikimbie ukurasa, nitaeleza taratibu.

Programu huandikwa kwa maneno na alama ambazo binadamu anaweza kuzisoma. Maandishi hayo huitwa msimbo. Lakini msimbo bado si programu, kama vile unga si ugali. Lazima upikwe kwanza ndipo mashine iweze kuula, na kupika huko ndiko kunakoitwa kujenga programu. Kwa kawaida kunaongozwa na faili ndogo ya maagizo ya ujenzi: weka hiki, acha kile, tumia lugha hii, hifadhi pale. Faili hiyo imejaa machaguo-msingi. Wengi hawaifungui kamwe, lakini kila kinachotoka jikoni kina ladha yake.

Mwaka 1976, mtu aitwaye Stuart Feldman, wa maabara ya Bell Labs kule Marekani, alitengeneza chombo cha kujengea programu kiitwacho make, na mpaka leo mafundi wanakitumia. Katika faili yake unaorodhesha kazi mbalimbali. Ukiandika neno make peke yake bila kutaja kazi unayoitaka, chombo kinachukua ile iliyotangulia katika orodha. Basi tuseme una kazi tatu: futa, jaribu, jenga. Mtu nadhifu, mpenda kamusi kama sisi wanachama wa Kiswahili, angezipanga kwa alfabeti. Vizuri sana! Ila sasa "futa" imekuwa ya kwanza. Mgeni atakuja, ataandika make akitarajia kujengewa, kumbe amefuta kila kilichokuwa kimejengwa. Hakufanya kosa lolote. Alifuata njia aliyoikuta imefyekwa.

Huyo huyo Feldman anatupa funzo la pili. Katika chombo chake, mistari ya amri sharti ianze kwa kitufe cha tabo. Ukiweka nafasi za kawaida, chombo kinakataa, na kwa macho huoni tofauti. Alisimulia baadaye kwamba alipotambua usumbufu huo alikuwa tayari na watumiaji wapatao kumi na wawili, wengi wao marafiki zake, naye hakutaka kuwavurugia kazi. Akauacha. Kwa kuwaonea haya watu kumi na wawili, wanafunzi wa dunia nzima wanahangaika na tabo ile hadi leo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chaguo linalowekwa siku ya kwanza halibanduki kirahisi.

Nirudi shuleni. Chama chetu cha kompyuta kinaandika programu ya kutuma ujumbe mfupi kwa wazazi: tarehe ya kufungua shule, mikutano, na salio la karo. Programu ina hali mbili, hali ya majaribio na hali ya kazi. Swali likawa, mtu akiijenga bila kusema lolote, apewe ipi? Kundi moja likasema apewe ya majaribio, maana sisi wanafunzi ndio tunaoijenga kila siku. Kundi la pili likasema apewe ya kazi, kwa kuwa mwisho wa yote programu itaketi katika ofisi ya karani wa karo. Tulibishana hadi kengele ya chakula ikalia, na hata mezani watu walikuwa bado wanarushiana maneno.

Mimi nasema makundi yote mawili yanakosea, kwa sababu yanafunga vitu vinne katika furushi moja. Hebu tulifungue furushi hilo tuone.

Hali ya majaribio hutumia orodha ya wazazi wa bandia, nayo haitumi ujumbe wowote bali huuonyesha kwenye skrini tu. Hayo mawili ni salama. Lakini hali hiyo hiyo haiombi nywila, na likitokea kosa inaanika kila kitu ili fundi aone: majina, namba, hata siri za mashine. Hayo mawili ni hatari. Hali ya kazi nayo inaomba nywila na ikikosea haisemi mengi. Salama. Lakini inabeba orodha ya wazazi wa kweli, na ujumbe unatoka moja kwa moja. Hatari!

Sasa weka majaribio kuwa chaguo-msingi, mtu asahau, programu ifike ofisini: yeyote anayepita mlangoni anaweza kuifungua. Weka kazi kuwa chaguo-msingi, kijana wa kidato cha kwanza ajenge usiku akijifunza, aandike "jaribio jaribio" na salio la karo alilolibuni mwenyewe: wazazi wote wataamka na deni ambalo halipo. Mzazi mmoja atauza kuku, mwingine atapanda boda kuja shuleni akitetemeka. Nani atamrudishia nauli yake?

Dawa ni kulivunja furushi. Majina yawe ya bandia hadi mtu aseme anataka ya kweli. Ujumbe usitoke hadi mtu aseme utoke. Nywila iombwe hadi mtu aseme isiombwe. Makosa yaelezwe kwa ufupi hadi mtu aseme yaanikwe. Kila swichi ijibu swali lake yenyewe: mtu akisahau, nani ataumia? Anayetaka vingine haruhusiwi kulalamika, maana njia iko wazi. Ila aitamke, tena swichi moja baada ya nyingine.

Wako watakaosema, "Ah, wewe unaogopa bure. Mtu mwerevu husoma maagizo." Jamani, tuambiane ukweli. Nani kati yetu alisoma kile kijitabu kilichokuja na simu ya nyumbani? Chombo kiitwacho Django, ambacho wajenzi wengi wa tovuti hukitumia, ukianzisha mradi mpya kinakupa hali ya majaribio ikiwa imewashwa, na juu yake kimeandika onyo kwamba usiiache hivyo utakapoingia kazini. Onyo ni zuri, lakini onyo si kufuli. Na yaliyotokea mwaka 2016 yanatosha kutufunza. Programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka duniani ikijaribu majina na nywila za kiwandani, orodha ya kama jozi sitini tu, kwenye kamera za ulinzi na vifaa vya intaneti. Haikuvunja kufuli. Iliingia kwa funguo ambazo wenye vifaa hawakuzibadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la vifaa hivyo likaishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti, na watu wengi, hasa Marekani, wakashindwa kuzifikia Twitter na Netflix kwa saa kadhaa. Je, wenye kamera zile wote walikuwa wajinga? Hapana. Walisahau tu, kama mimi na wewe.

Wengine watasema, "Ukifunga kila kitu, fundi atachoka." Hapa nakubali nusu. Si kila swichi inaweza kumwumiza mtu. Katika lugha ya Rust, ukijenga bila kutaja lolote unapewa programu ya majaribio, inayojengwa haraka lakini ikikimbia ni nzito. Ukitaka ile nyepesi lazima useme. Sina ugomvi nao, kwa maana atakayesahau atasubiri kidogo, basi. Swichi ya kasi mpe fundi apendavyo. Swichi ya siri za watu mpe yule asiyekuwepo chumbani.

Kuna jambo la pili, nalo ni letu sisi watu wa mpakani. Chaguo-msingi hubeba kwao alikotoka aliyelichagua. Chapisha barua kwa programu iliyopangwa kwa mazoea ya Marekani, utaona inataka karatasi yao ya milimita 216 kwa 279, ilhali kabatini kwetu mna A4, milimita 210 kwa 297. Mashine inakataa na mwalimu anaanza kuipiga makofi! Hata Kiswahili chetu kina kwao. Katika hazina ya taarifa za lugha na nchi iitwayo CLDR, ambayo simu na kompyuta nyingi huitegemea, ukitaja Kiswahili bila kutaja nchi, mashine inachukulia uko Tanzania. Si kosa, ni lazima ianzie mahali. Lakini anayejenga programu ya Busia asiposema yeye ni wa Kenya, asishangae kuona mambo ya Dodoma.

Na shilingi je? Wabadilishaji pesa wa Malaba wanajua kwamba shilingi si shilingi. Kompyuta nazo zinajua, zikiambiwa. Kwa kanuni za kimataifa za sarafu, shilingi ya Kenya huhesabiwa na senti, yaani tarakimu mbili baada ya nukta, lakini ya Uganda haina hata moja. Programu nyingi huhifadhi pesa kwa kipimo kidogo kabisa. Basi fundi akiacha chaguo-msingi la tarakimu mbili, shilingi 5,000 za mama wa ng'ambo zinaweza kusomwa kuwa 50. Mara mia imepotea, na hakuna aliyeiba!

Saa, kwa upande mwingine, haina taabu. Nairobi na Kampala ziko kwenye saa moja, na katika orodha ya saa za dunia zinazotumiwa na kompyuta, Kampala imeelekezwa tu kwenye Nairobi. Hapo usimsumbue mtu kwa maswali. Weka Nairobi uende zako.

Lakini liko swali moja ambalo mimi nasema lisiwe na chaguo-msingi kabisa. Ni msimbo wa nchi katika namba ya simu. Wazazi wetu wengine wana laini za pande zote mbili, na wengine wanaishi Uganda. Namba ya tarakimu kumi inayoanza na 077 inaweza kuwa ya Kenya, na inaweza kuwa ya Uganda. Tarakimu zile zile, watu wawili tofauti. Programu ikikisia kila namba ni ya +254, salio la karo la mtoto wa mtu litasomwa na mtu baki, na mzazi mwenyewe wa +256 hatapata neno. Kukisia hapa ni kucheza kamari na heshima ya watu. Basi programu ikatae namba isiyo na msimbo wa nchi, iseme waziwazi, "Sijui hii ni ya wapi, niambie." Vivyo hivyo ujenzi wenyewe usimame ikiwa hakuna aliyetaja sarafu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mashine nayo iruhusiwe kuuliza.

Msidhani haya ni mawazo ya kijana mmoja tu. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 41, inataka ulinzi wa data uwe ndani ya mfumo tangu unapobuniwa na uwe ndio chaguo-msingi. Maana yake, bila mtu kubonyeza chochote, zitumike taarifa zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Shule nazo hazina kinga. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hebu fikirini ni madawati mangapi yangenunuliwa kwa pesa hizo!

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu, na naomba mwalimu mlezi wa chama chetu ayapime.

Kwanza, juu kabisa ya faili yetu ya ujenzi paandikwe kwa Kiswahili safi kila chaguo-msingi, na mbele yake sababu katika mstari mmoja. Mwaka ujao wengine tutakuwa tumekaribia mtihani na wengine tumeondoka. Atakayerithi faili akijua sababu, atajua pia ni lini ya kubadilisha.

Pili, kabla ya programu kwenda ofisini, apewe mwanafunzi wa kidato cha kwanza ambaye hajawahi kuiona. Aijenge bila maelezo yoyote, nasi tukae kimya tuangalie. Kama akisahau kila kitu na bado hakuna mzazi aliyepata ujumbe wala jina lililoanikwa, basi tumechagua vizuri. Asicheke mtu. Siku hiyo mtahiniwa ni faili yetu, si yeye.

Tatu, hili ni la nyote, hata wasiojua kompyuta inawashwa wapi. Likizoni, chukueni simu ya nyumbani mtazame swichi zake. Iulizeni kila moja swali letu. Mama akivuka kwenda Malaba ya upande wa pili na akasahau, nani ataumia? Pale jibu likiwa ni yeye, mwombeni ruhusa mwizime.

Naweka kalamu chini. Wenye hoja ya kunipinga, na najua mpo, ubao wa chama uko wazi tangu Jumatatu na chaki ipo. Panapo majaliwa tutakutana katika toleo lijalo.

Ni mimi wenu katika Kiswahili,
Mwanachama, Kidato cha Tatu